Kuchagua Kazi Katika Nchi ya Turkana: Uchambuzi wa Njia Zilizo Mbele ya Vijana wa Lodwar na Kakuma

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, vijana wa Lodwar na wa Kakuma, kama wenzao wa Kenya nzima, hupokea nasaha mbili ambazo aghalabu hutolewa na watu wenye nia njema, na ambazo, ijapokuwa zinapingana, hutamkwa zote kwa yakini ile ile. Nasaha ya kwanza humwambia kijana aufuate moyo wake, atazame kipawa alichojaaliwa na aishike kazi aipendayo, maana ni nadra mtu kufaulu katika jambo asilolipenda. Nasaha ya pili humwambia asichague kazi kabisa, kwa kuwa mchagua nazi hupata koroma, na mwenye njaa hana hiari. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba nasaha zote mbili zina upungufu mkubwa katika nchi ya Turkana: ya kwanza hudhani kwamba njia zote zapitika, ya pili hudhani kwamba hakuna ipitikayo, na hakuna hata moja imfundishayo kijana kupambanua kazi na kazi, yaani kujua kazi hii yataka nini kwake, ijara yake yatoka kwa nani, na huyo mlipaji akiondoka kesho, mikononi mwa mtenda kazi kitabaki nini.

Swali lenyewe si geni. Mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza, katika anwani yake, ni nini kifuatacho baada ya shule; na jawabu lililopatikana, kwa ajili ya watoto waliomaliza shule ya msingi wasipate nafasi ya sekondari, lilizaa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo ndivyo asili ya vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyoenea katika kaunti hivi leo. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulizitia maanani kazi za mafundi wasio na ofisi wala leseni, wale tuwaitao watu wa jua kali, ukasema kwamba riziki ya wengi yatokana nao na kwamba serikali ingefanya vyema kuwasaidia kuliko kuwafukuza. Kisha ikaja Tume ya Mackay ya 1981, na baada yake mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, ambao ulikusudia kila mtoto atoke shuleni na ujuzi wa mikono. Walakini karakana hazikujengwa za kutosha, mtihani wa maandishi ukabaki kuwa ndio kipimo cha pekee cha akili ya mtu, na masomo mengi ya ufundi yakaondolewa katika mtaala. Hivyo, kwa muda wa miaka sitini, Kenya imekuwa ikiuliza swali lile lile, na kila jawabu limeharibika mahali pale pale, baina ya waraka na karakana.

Turkana iliingia katika mashauri haya ikiwa imechelewa. Serikali ya kikoloni iliihesabu kuwa wilaya iliyofungwa, ambayo mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali, na ikaiona kuwa mahali pa kuwatupia watu iliowaogopa: Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha akawekwa kizuizini Lodwar tangu 1959 hadi 1961. Mwaka huo huo wa 1961 wamisionari wa Kikatoliki walianza kazi yao katika nchi hii, na shule nyingi za kwanza ni matunda ya misheni. Jimbo la Kikatoliki la Lodwar lenyewe liliundwa 1978. Matokeo ya kuchelewa huko yaonekana dhahiri katika matamanio ya watoto. Mtoto wa Nyeri au wa Mombasa ana ami aliye mhasibu, shangazi aliye wakili, na jirani aliye fundi wa meli au wa mitambo. Ana mifano ya kuiga kabla hajafunguliwa kitabu cha mashauri. Mtoto aliyekulia katika adakar, katika kambi za wafugaji wahamao pamoja, na akapelekwa shule ya bweni, huenda amewaona watu wa mshahara wa namna tano tu: mwalimu, muuguzi, askari, chifu, na mfanyakazi wa shirika ashukaye katika gari jeupe. Aulizwapo apenda kuwa nani, huchagua miongoni mwa hao watano, na mwenye kumwuliza hudhani amesikia sauti ya moyo, kumbe amesikia idadi ya mifano.

Tuzitazame sasa njia zenyewe. Katika mtihani wa 2024 watahiniwa wa Kenya nzima walikuwa 962,512, na waliopata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391, yaani robo yao. Robo tatu zilizobaki hazina njia ya moja kwa moja ya kufikia shahada. Hata hivyo hotuba za siku za tuzo, ziara za wageni wa heshima, na mazungumzo ya nyumbani huelekezwa karibu zote kwenye ile robo, kana kwamba waliobaki wamekwisha kufutwa katika daftari. Ilhali taratibu za serikali zina nafasi yao: idara iitwayo KUCCPS, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, hupanga wanafunzi vyuoni kwa ngazi, mwenye C- akifaa kwa stashahada, mwenye D akifaa kwa cheti cha ufundi, na aliye chini ya hapo akiwa bado na nafasi ya kujifunza kazi ya mikono. Huko Lodwar kwenyewe kuna Chuo Kikuu kishiriki cha Turkana, kilichoanzishwa 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kuna tawi la chuo cha mafunzo ya tiba na uuguzi, KMTC. Na kuna chuo cha ufundi. Kakuma nako kuna mafunzo ya ufundi ya watawa wa Don Bosco, ambayo huwachanganya wakimbizi na wenyeji katika karakana moja. Si nyingi kwa kaunti iliyohesabiwa watu 926,976 mwaka 2019, waliotawanyika katika eneo lipitalo kilomita za mraba 68,000. Lakini zapatikana, na kijana ana haki ya kuzijua kabla ya kuambiwa kwamba amefeli.

Hapa pana jambo ambalo washauri wengi hulisahau, nalo ni kwamba uchaguzi hufanyika mapema kuliko tunavyosema. Msichana atakaye kuwa muuguzi kwa stashahada hana budi kupata wastani wa C na kufaulu Biolojia. Mvulana atakaye uhandisi hana budi kuishika Fizikia. Na katika mfumo wa 8-4-4 masomo haya yaliachwa au yalishikwa mwishoni mwa kidato cha pili, wakati ambapo mwanafunzi alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na sababu yake ya kuacha somo ilikuwa ni mwalimu mkali, au kitabu kisichopatikana, au rafiki aliyemtangulia kuacha. Mshauri ajaye baada ya matokeo, akiwa na orodha ya kozi mkononi, amechelewa miaka miwili. Mfumo mpya wa umilisi unaupeleka uchaguzi nyuma zaidi: wanafunzi wa kwanza wa gredi ya kumi walioingia shule za juu Januari 2026 walitakiwa kuchagua mojawapo ya njia tatu, ile ya sayansi na teknolojia, ya sayansi za jamii, au ya sanaa na michezo, wakiwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Katika karatasi, huu ni uhuru mkubwa. Lakini shule isiyo na maabara, isiyo na mwalimu wa muziki, isiyo na kiwanja wala umeme wa kutosha, imekwisha kumchagulia mtoto kabla hajafungua kinywa, na anayetaka kuwasaidia vijana wa Turkana kuchagua kazi ataanza kwa kuuliza nini kinafundishwa, na nani, katika shule zilizo nje ya mji.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, ambacho ni mlipaji. Historia ya ajira katika nchi hii ni historia ya waajiri wakubwa waliokuja kwa kishindo na kuondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa serikali ya Norwei, kilijengwa huko Kalokol, ufukweni mwa Ziwa Turkana, kiwanda cha kugandisha samaki, na wafugaji waliopoteza mifugo yao wakahimizwa kuwa wavuvi. Gharama za kugandisha samaki katika joto lile zikashinda thamani ya samaki wenyewe, maji ya Ghuba ya Ferguson yakakauka, na mwaka 1990 uhusiano wa Kenya na Norwei ukavunjika, kiwanda kikabaki jengo. Mwaka 1989 Lokichogio ikawa kituo kikuu cha operesheni ya Umoja wa Mataifa ya kupeleka chakula Sudan ya kusini, ndege zikiruka kutwa, hoteli na maghala yakichipuka. Amani ya Sudan ilipotiwa saini Januari 2005, mashirika yakahamia Juba, na mji ukapoa. Machi 2012 kampuni ya Tullow ilitangaza kwamba imepata mafuta katika bonde la Lokichar. Malori yakaanza kuyabeba hadi Mombasa Juni 2018, shehena ya kwanza ikasafirishwa ng'ambo Agosti 2019, na mwaka uliofuata shughuli zikasimama, hata kampuni hiyo ikauza mali zake za Kenya 2025. Na mapema mwaka huo huo wa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, posho ya chakula ya wakimbizi wa Kakuma ilipunguzwa mno, na wafanyakazi wengi wa mashirika, wakimbizi kwa wenyeji, wakajikuta hawana kazi.

Hakuna hata mmoja kati ya waajiri hao aliyeondoka kwa sababu Mturkana alikuwa mvivu au hakusoma. Waliondoka kwa sababu zilizoamuliwa Oslo, Nairobi, Naivasha, London na Washington. Ndiyo maana nasaha ya kwamba kijana asome kozi ifuatayo mwajiri wa leo, iwe ni mafuta au misaada, ni nasaha ya hatari ingawa yaonekana ya busara. Mfugaji mwenye akili hapeleki kundi kwenye kisima kabla ya kumtuma mtu akaangalie maji yaliyomo, kina chake, na ni wa nani. Na kijana afundishwe kuutazama mshahara kwa jicho hilo hilo. Hata serikali ya kaunti, ambayo tangu 2013 imekuwa mwajiri mkuu Lodwar, ina mipaka yake: bajeti yake yategemea mgao wa taifa, nafasi zake hujazwa upesi, na mikataba yake mingine hubadilika uongozi ubadilikapo.

Haifuati kutoka hapa kwamba kazi za waajiri wapitao zikataliwe, maana riziki ya leo ni riziki, na kazi mbi si mchezo mwema. Lifuatalo ni kwamba katika kila kazi ya namna hiyo mtu atenganishe cheo na ujuzi. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyefanya kazi Lokichar aliweza, kazi ilipokwisha, kutengeneza milango na matangi ya maji Lodwar. Dereva wa lori alibaki dereva. Muuguzi aliyehudumu katika hospitali ya kambi bado ni muuguzi mbele ya sheria, popote aendapo nchini Kenya. Bali yule ambaye kazi yake yote ilikuwa ni kujaza fomu za mradi mmoja, kwa lugha ya mradi huo, kwa mfadhili huyo, aliondoka na barua ya shukrani. Sipuuzi kazi za kupatanisha watu na kampuni, ambazo zimewafundisha vijana wengi ustadi wa kusema na kusikiliza. Nasema tu kwamba ustadi huo wahitaji kuwekewa cheti kitambulikanacho kwingine, ili mwenye nao asianze upya.

Fauka ya hayo, kuna uchumi ambao haukuondoka kamwe, nao ndio ambao shule huutaja kwa nadra: mifugo. Mbuzi, ngamia, kondoo, punda na ng'ombe ndio hazina ya kaunti hii, na ukame wa 2020 hadi 2023 ulioua mifugo mingi kaskazini mwa Kenya ulionyesha jinsi hazina hiyo isivyo na walinzi wa kutosha. Mwenye kusomea afya ya mifugo, ukaguzi wa nyama, ngozi, malisho, au biashara ya kusafirisha mbuzi hadi masoko ya kusini, anasomea kazi ambayo mwajiri wake ni maelfu ya wafugaji, ambao hawawezi wote kuhama kwa siku moja. Kadhalika kazi za maji: visima na pampu za jua zimechimbwa na kusimikwa kila mahali, na kila pampu iharibikapo, kijiji kizima hungoja fundi atoke mbali. Sababu ya shule kuzidharau kazi hizi yafahamika. Mzazi aliyeuza mbuzi ili kumlipia mtoto karo hataki kusikia kwamba mtoto arejea kwa mbuzi. Lakini mshauri mwenye insafu atamweleza mzazi tofauti iliyopo baina ya kuchunga kundi la nyumbani na kutibu makundi ya wilaya nzima kwa ada.

Huko Kakuma swali huvaa sura nyingine. Kambi iliyofunguliwa 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na makazi ya Kalobeyei yaliyoongezwa miaka ya 2010, sasa ni makao ya watu karibu 300,000, na uchunguzi uliochapishwa 2018 na IFC, taasisi ya Kundi la Benki ya Dunia, ulikadiria soko la Kakuma kuwa na thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, likiwa na maduka yapitayo 2,000. Pana shughuli, basi. Kinachokosekana ni hati. Kijana mkimbizi aliyesoma mtaala wa Kenya, akakalia mtihani wa Kenya, na akafaulu, hastahiki karadha ya elimu ya HELB, ambayo ni ya raia. Hawezi kusafiri kwenda Nairobi bila ruhusa. Na akifundisha au kutafsiri kwa ajili ya mashirika, kwa desturi hulipwa ile posho iitwayo insentivu, iliyo sehemu ndogo tu ya mshahara wa raia afanyaye kazi hiyo hiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilimpanulia haki ya kufanya kazi, na mpango uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, wakusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida. Lakini kati ya sheria na kibali cha kazi kuna safari ya karatasi nyingi, na mshauri asiyeijua safari hiyo humpa kijana matumaini yasiyo na anwani.

Kwa hiyo vijana wa Kakuma wameyakaza macho kwenye njia za ufadhili utokao ng'ambo: ufadhili wa masomo ya chuo kikuu wa DAFI ulioanza 1992, masomo ya Wajesuiti yaliyowapa wanafunzi stashahada wakiwa kambini tangu 2010, na zaidi ya yote mpango wa Kanada wa WUSC, uliopo tangu 1978, ambao humpeleka mwanafunzi mkimbizi chuo kikuu na kumpa makao ya kudumu. Njia hizi ni za kweli na zimebadilisha maisha ya watu. Lakini nafasi zake ni chache mno, na madhara yake yasiyokusudiwa ni kwamba kijana aliyekosa mara moja huomba tena kwa miaka mitatu au minne, akikataa kila mafunzo mengine kwa kuogopa kupoteza nafasi. Kumshauri vyema ni kumwambia aombe, na wakati huo huo ajifunze kazi ambayo itamfaa Kakuma akibaki, Juba au Bujumbura akirejea, na Winnipeg akienda. Useremala, umeme, uhasibu, uuguzi, ushonaji wa hali ya juu na utengenezaji wa simu na kompyuta ni kazi zisizouliza pasipoti ya mtu.

Kuhusu wasichana, maneno yawe machache na dhahiri: kwa wengi wao swali la kazi hutanguliwa na swali la kubaki shuleni, na nasaha yoyote isiyozungumza na baba, mjomba na mposaji haijazungumza na msichana.

Hapa msomaji aweza kuuliza kama uchambuzi wa namna hii haumnyimi kijana ndoto. Atataja wakimbiaji wa Kakuma, ambao katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, Rio 2016, walikuwa watano kati ya wanariadha kumi. Au atamtaja Kamoya Kimeu, ambaye kwa jicho lake tu, bila shahada, aliyaona huko Nariokotome mwaka 1984 mabaki ya yule mvulana wa kale aliyeipa Turkana jina katika vitabu vya sayansi duniani kote. Mifano hii naikubali, nayo yaniunga mkono. Wale wakimbiaji hawakuchaguliwa na ndoto zao. Walichaguliwa kwa sababu wasimamizi wa taasisi ya mwanariadha Tegla Loroupe walifika Kakuma, wakaandaa mashindano ya majaribio, wakawachukua hadi Ngong kuwafundisha. Kimeu naye alijifunza kazi hiyo kwa kuajiriwa na wachimbuzi waliomwonyesha mfupa ni nini na jiwe ni nini. Kipawa kilikuwapo, lakini bila mtu wa kuleta habari na nafasi hadi mahali kilipo, kingebaki kimefichika.

Alhasili, kumsaidia kijana wa Lodwar au wa Kakuma kuchagua kazi ni kazi ya kuleta habari kabla ya wakati wake kupita. Mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye aghalabu ana vipindi vyake kamili vya somo lingine, apunguziwe vipindi na apewe masharti ya vyuo kwa maandishi, ayafikishe kwa wanafunzi wa gredi ya nane, wala asingoje wa mwisho. Kaunti, ambayo hutoa basari kila mwaka, ichapishe pamoja na majina ya waliopewa fedha orodha ya kazi zinazokosa watu: mafundi wa pampu, waganga wa mifugo, mafundi umeme, wauguzi. Mashirika yanayofundisha yatoe vyeti vinavyotambuliwa na mamlaka za Kenya, si barua za kuhudhuria, na yaseme wazi mradi wao unakwisha lini. Wahitimu wa Turkana walioko vyuoni na makazini warudi shuleni walikosoma, ili mifano ipite ile mitano. Na kijana mwenyewe afundishwe kumwuliza kila mwenye kumpa shauri maswali manne: kazi hii inataka masomo gani na alama gani, itagharimu nini na nani atalipa, mshahara wake watoka wapi, na mlipaji akiondoka, nitabaki na ujuzi gani ambao mtu mwingine ataununua. Mshauri asiyeweza kuyajibu ana wajibu wa kwenda kuyatafutia majibu, na kijana aliyejibiwa yote manne, hata akichagua tofauti na tulivyotaka, amechagua kweli.